Reli ya Voi, seva ya Unix na upana wa njia

Anayehudumia kompyuta za ofisi ndogo hapa Voi hukutana na jambo hili mapema: seva iliyo kwenye kona ni ya Linux, mezani kuna kompyuta 6 za Windows, na karani anataka kufungua faili iliyo kwenye seva kana kwamba iko kwenye mashine yake. Inawezekana, tena bila shilingi moja ya leseni. Seva ya Windows hudai leseni kwa kila mtumiaji au kila mashine, na kwa ofisi ya watu 6 hilo si dogo. Lakini urahisi huu ulipiganiwa.

Nianze na reli, maana watu wa Voi jambo lenyewe tunalijua hata kabla ya kompyuta. Mwaka 1915, vita vikiendelea, Waingereza walianza kujenga njia kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea Taveta. Mwaka 1916 ikaungana na reli ya Wajerumani pale Kahe, karibu na Moshi. Maadui wawili, reli zilizojengwa mbalimbali, lakini zote zilikuwa na upana wa mita 1. Behewa likapita! Linganisha na SGR iliyofunguliwa 2017: upana wake ni milimita 1,435, na behewa la reli ya zamani haliwezi kuipanda.

Sasa, kompyuta nazo zilikuwa na njia za upana tofauti. Mashine za Unix zilishirikiana faili kwa NFS, iliyotoka kampuni ya Sun mwaka 1984. Kompyuta za mezani zilitumia SMB, itifaki iliyoanzia IBM kisha ikakuzwa na Microsoft.

Desemba 1991, Andrew Tridgell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia huko Canberra, alitaka kompyuta yake ya DOS ione diski ya seva ya Unix. Maelezo ya itifaki hakuwa nayo. Akaandika programu ya kunasa data inayopita kwenye waya, akawa anatazama swali gani linajibiwa vipi. Baadaye alifananisha kazi hiyo na kujifunza Kifaransa kwa kukaa mkahawani. Sisi tuseme hivi: mgeni asiyejua neno la Kidawida akae sokoni Wundanyi. Mteja akitamka neno fulani, muuzaji anapima maharagwe. Kesho neno lile lile, maharagwe yale yale. Baada ya muda mgeni naye anaagiza, na hakuna kamusi ya mtu aliyoiba.

Toleo la kwanza lilitoka Januari 1992, kisha akaliacha karibu miaka 2, mpaka alipotaka kuunganisha kompyuta ya Windows ya mkewe na Linux yake. Mwaka 1994 jina la awali lilileta mgogoro wa alama ya biashara. Akaipekua orodha ya maneno ndani ya kompyuta, akitafuta lenye S, M na B kwa mfuatano huo. Likatoka Samba.

Kazi ilikuwa kwenye mambo madogo. Unix huona Barua.doc na barua.doc kuwa faili mbili. Windows huona moja. Na makarani wawili wakifungua faili moja, nani azuiwe kuandika?

Tena mwenye njia anaweza kuibadilisha upana usiku. Mwaka 1997, nyongeza ya tatu ya Windows NT 4 ilianza kukataa kutuma nywila zisizofichwa. Kiusalama ulikuwa uamuzi sahihi, lakini seva nyingi za Samba zilijikuta nje ya mlango. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliamuru Microsoft itoe maelezo ya itifaki zake, na Septemba 2007 mahakama ikaiunga mkono. Desemba mwaka huo watu wa Samba wakayapata kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Samba 4.0 ya Desemba 2012, inayoweza kusimamia mtandao mzima wa Windows, ilinufaika nayo.

Nywila na leseni kando, kuna SMB1, toleo la kale ambalo WannaCry ilipitia Mei 2017 kushambulia mashine za Windows. Samba 4.11 ya mwaka 2019 iliizima, isipokuwa mtu aiwashe kwa makusudi. Kwa hiyo ile kompyuta ya Windows XP iliyobaki stoo haitaiona seva mpya. Nikiombwa niiwashe, mimi hukataa.