Kabla ya Honda Kulikuwa na "Bata Bata": Stori ya Baiskeli Iliyofungwa Injini

Ukisikia neno "bata" hapa mjini, akili inakimbilia starehe. Japani mwaka 1946 "bata bata" ulikuwa mlio wa injini ndogo iliyofungwa kwenye baiskeli ya kawaida, na mlio huo ukawa jina la chombo chenyewe. Kama sisi tu: tulisikia kidude kinalia piki-piki, tukakiita hivyo hivyo.

Vuta picha ya hali ilivyokuwa. Vita imeisha Agosti 1945. Miji mingi imeungua kwa mabomu, treni zimejaa kupita kiasi, petroli ni ya mgao. Chakula nacho ni cha kutafuta, na watu wa mjini wanalazimika kwenda mbali kusaka mchele na viazi. Mwenye baiskeli anaonekana ana afadhali, lakini anakanyaga mpaka magoti yanalia.

Katika mji wa Hamamatsu alikuwepo fundi mmoja, Soichiro Honda, mtoto wa mhunzi. Wakati huo jina lake halikuwa kwenye pikipiki yoyote. Alikuwa na kiwanda cha ringi za pistoni, kikapigwa na mabomu, halafu tetemeko la Januari 1945 likamalizia. Kilichobaki akawauzia Toyota. Baadaye, nyumbani kwa rafiki yake, akaona kijiinjini kilichotengenezwa kuendesha jenereta la redio za jeshi. Jeshi limevunjwa, injini zimekaa bure. Akaamua kuifunga kwenye baiskeli.

Tangi la mafuta la kwanza lilikuwa chombo cha nyumbani cha kuwekea maji ya moto ya kupasha kitanda joto. Kwa sababu petroli ilikuwa adimu, ilichanganywa na mafuta yanayotokana na utomvu wa msonobari. Moshi na harufu yake, we acha tu.

Sasa nani alijaribu? Mke wake, Sachi. Yeye ndiye aliyekuwa anakanyaga baiskeli kwenda kutafuta chakula cha familia, na mume alitaka kujua kama mwanamke anaweza kuimudu. Mama wa watu akavaa suruali yake nzuri ya kazi, akapita nayo barabara kuu huku watu wanamwangalia. Aliporudi, suruali imelowa mafuta yaliyoruka kutoka kwenye injini. Akamwambia mumewe wazi kwamba wateja watalalamika. Honda akarudi kurekebisha kabureta. Kwa hiyo mtu wa kwanza kutoa maoni makali kuhusu chombo cha Honda alikuwa mama mwenye nguo iliyochafuka.

Oktoba 1946 akafungua karakana ndogo. Wanunuzi walikuja mpaka kutoka Nagoya, Osaka na Tokyo. Zile injini za jeshi zilikuwa kama 500 hivi, zikaisha. Hapo biashara ingeweza kufa, lakini mwaka 1947 wakatoa injini yao wenyewe, cc 50. Septemba 1948 ikazaliwa kampuni ya Honda Motor.

Wazo hili halikuwa la Japani peke yake. Los Angeles, Marekani, walianza kuuza injini ya Whizzer mwaka 1939, unainunua na kuifunga mwenyewe kwenye baiskeli yako ya matairi manene. Italia baada ya vita, Ducati walitengeneza Cucciolo, yaani "mtoto wa mbwa", kwa jinsi ilivyobweka. Popote pale sababu ilikuwa ile ile: gari ni ndoto, baiskeli ipo, injini ndogo inauzika.

Ila kuna kitu kila fundi aligundua. Fremu na breki za baiskeli zimeundwa kwa nguvu ya miguu. Ukiongeza mwendo, breki zinapwaya na fremu inateseka. Ndiyo maana mwaka 1949 Honda wakatoa Dream D, cc 98, pikipiki yenye fremu yake yenyewe. Hata hivyo baiskeli hawakuitupa. Mwaka 1952 walitoa injini nyingine ya kufunga, Cub F, wakaandikia barua maduka ya baiskeli kama 50,000 nchi nzima yaiuze. Mwaka 1958 ikaja Super Cub, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Hata bodaboda zetu zimepita njia hiyo hiyo. Mpakani mwa Kenya na Uganda zilianza kama baiskeli za kubeba abiria, injini zikaja baadaye.

Kwa hiyo wewe unayeangalia video za kufunga injini kwenye baiskeli ya bei rahisi na mkono unawasha, anza na breki. Halafu mtafute mtu kama Sachi, atakayekuambia ukweli akirudi amelowa mafuta.

Je, mtaani kwako kuna fundi anayefunga hizi? Inakimbia, au inalia tu? Tupe stori kwenye komenti.