Mbao Mbili na Mvukuto

Ukijifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera kubwa ya mbao, dunia inakugeukia kichwa chini miguu juu: mnazi unaning'inia, mawingu yako chini. Yangu nilipoitega uani mara ya kwanza, ilinichukua karibu saa nzima kupata picha moja, na filamu ikatoka na michirizi ya mwanga. Usiku nikatia tochi ndani ya mvukuto, nikazima taa. Tundu lilikuwa kwenye kona ya mkunjo, dogo kama ncha ya sindano, liking'aa kama nyota.

Kamera yenyewe ni mbao mbili tu zilizounganishwa na mvukuto: ya mbele imeshika lenzi, ya nyuma kioo chenye ukungu. Ukubwa wake haukuwa madaha. Picha zilichapwa kwa kulaza bamba la kioo lililopigwa juu ya karatasi, kwa hiyo aliyetaka picha kubwa alibeba kamera kubwa. Mpiga picha William Henry Jackson aliingia Milima ya Rocky mwaka 1875 na mabamba ya inchi 20 kwa 24. Juu ya hayo, kwa njia ya Frederick Scott Archer ya 1851, bamba lilipakwa dawa, likapigwa na kusafishwa kabla halijakauka. Mpiga picha alitembea na hema la giza, chupa na maji. Kapteni James Grant, mwenzake John Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha Zanzibar mwaka 1860, lakini safari ya bara ilipoanza joto la hema lilimshinda, akashika brashi na rangi za maji. Simlaumu.

Bamba kavu la Richard Maddox, la 1871, ndilo lililofungua njia ya kuliacha hema. Mbao mbili zikabaki vilevile, kwa sababu kazi yao hakuna dawa iliyoiweza. Ukiielekeza kamera juu ili upate ghorofa nzima, kuta huegemeana kama walevi. Hapa kamera haielekezwi juu: unapandisha mbao ya mbele peke yake, ya nyuma ikibaki wima, na kuta zinasimama. Ukiiinamisha kidogo mbele, jiwe la miguuni na kilima cha mbali vinaonekana wazi pamoja. Kanuni yake inaitwa kwa jina la Kapteni Theodor Scheimpflug wa Austria, aliyeieleza mwaka 1904 akitafuta kunyoosha picha za ramani zilizopigwa kutoka angani. Mwenyewe alikiri kwamba Mfaransa Jules Carpentier alimtangulia.

Mabamba yalibaki mazito, hivyo yalihesabiwa. Tarehe 10 Aprili 1927 mpiga picha Ansel Adams alipanda milima ya Yosemite, California, na mabamba 12. Alipoukabili mwamba wa Half Dome alikuwa amebakiwa na mawili. La kwanza alilipiga kwa filta ya njano, kisha akang'amua kwamba anga litatoka hafifu, mbali na alivyoliona moyoni. Akafunga filta nyekundu nzito, akachomeka bamba la mwisho. Anga likatoka karibu jeusi.