Chimbuko la Ukaguzi wa Thamani katika Konstrakta

Simula 67, lugha iliyobuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, ilileta dhana za klasi na objekti. Mwaka 1972, C.A.R. Hoare alibainisha kwamba objekti huwa na sharti la kudumu: konstrakta, yaani sehemu inayoiunda, hulithibitisha, na kila operesheni hulihifadhi. Katika C++ ya Bjarne Stroustrup, konstrakta hairejeshi thamani. Hivyo, kabla ya kuongezwa utaratibu wa kurusha hitilafu, haikuwa na njia nyoofu ya kuikataa tarehe 31 Februari. Objekti batili ilizaliwa, na kosa likajitokeza mbali na chanzo chake. Utaratibu huo ndio ulioipa konstrakta uwezo wa kulitekeleza wazo la Hoare kikamilifu.