Mali ya Majirani Watatu na Mizani ya Kuipimia

Mwezi Juni mwaka 1967, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, Jumuiya hiyo ilivunjika. Zilibaki reli, bandari, ndege, posta na simu, pamoja na swali zito: mali hiyo ina thamani gani, na kila nchi ipate fungu gani?

Rasilimali ya nchi si fedha zilizomo benki tu. Wachumi huhesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu ambavyo husaidia uzalishaji mwaka hata mwaka: majengo, mitambo, madaraja na vyombo vya usafiri. Pato la taifa hupimwa kwa kipindi, lakini rasilimali hupimwa kwa siku maalumu, kama askari anayekabidhi ghala: vitu vingapi vipo, na vi katika hali gani.

Hapo ndipo penye ugumu. Kichwa cha treni chaweza kuthaminiwa kwa bei ya kukinunua, baada ya kutoa uchakavu wa kila mwaka. Au kwa gharama ya kununua kingine leo. Au kwa kazi ambayo bado kinaweza kuifanya. Mara nyingi bei hizo tatu hazilingani. Isitoshe, bandari haing'oleki, na reli ya Uganda, nchi isiyo na pwani, ilitegemea njia ipitayo Kenya hadi Mombasa. Aliye na mali katika ardhi yake hakosi nguvu katika mazungumzo.

Kazi ya upatanishi alipewa Victor Umbricht wa Uswisi. Hatimaye, tarehe 14 Mei 1984, mkataba wa mgawanyo ulitiwa sahihi mjini Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Uganda, ambayo mali iliyokuwa kwake ilipungua fungu lake, ilistahili fidia.

Hesabu hiyo ilichukua miaka saba, na kutu haikusubiri sahihi za viongozi. Mataifa hayo yalipotia sahihi mkataba wa Jumuiya mpya tarehe 30 Novemba 1999, yalikuwa tayari yamejifunza kwa gharama kubwa kwamba mali ya shirika huhesabiwa wakati wa mapatano, si siku ya kuachana. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.