Seyyid Majid na Mji wa Dar es Salaam

Ukiwauliza watu ni nani aliyeuanzisha mji wa Dar es Salaam, wengi watakujibu, "Wadachi." Sivyo. Wadachi walikuta mji umekwisha kuanzwa. Mwenye kuuanza ni Seyyid Majid bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1856.

Siku zile misafara ya bara ilishukia Bagamoyo. Lakini maji ya huko ni haba, merikebu kubwa hutia nanga mbali na pwani. Karibu na kijiji kiitwacho Mzizima Majid aliona ghuba yenye mlango mwembamba, na ndani yake maji marefu yaliyotulia. Basi yapata mwaka 1862 akaanza shauri la kujenga hapo. Jina alilolitumia lafasiriwa na wengine nyumba ya amani, na wengine bandari ya salama. Mimi naipenda tafsiri ya pili, maana mtu yule alikuwa akitafuta bandari.

Akajenga jumba lake la kifalme, na karibu yake nyumba ya wageni ya mawe ya matumbawe, iliyojengwa mwaka 1866 na 1867. Akapanda minazi mingi. Tusisahau kwamba mashamba yale yalilimwa na watumwa, wala majina yao hayakuandikwa popote.

Mwaka 1870 Majid akafa, na mji haujatimia. Nduguye Barghash, aliyekuwa amemwasi mwaka 1859, akashika ufalme, wala hakuujali mji wa marehemu. Majumba yakaanza kubomoka, misafara ikazidi kwenda Bagamoyo kama zamani. Aliyeutazama mji siku hizo angalisema kwamba fedha ile yote imepotea bure.

Lakini ghuba ilikuwa pale pale. Wadachi walipotafuta mahali pa meli zao waliiona sababu ile ile aliyoiona Majid, wakafika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo. Reli iliyoanzwa hapo mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Hata leo mizigo ya Kongo, Rwanda, Burundi na Zambia hupita katika mlango ule mwembamba. Na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 mkoa ule ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.

Jumba la Majid halipo tena. Nyumba ya wageni ingaliko, nayo huitwa Boma la Kale. Ukishuka barabara ya Morogoro mpaka karibu na bahari utaiona, kuta zake nene zikielekea bandarini.