Shamba la Bibi

Wazee wa Liwale na Rufiji wana jina la kale kwa mapori makubwa ya kusini ya Tanzania: Shamba la Bibi. Husimuliwa kwamba Kaiser wa Ujerumani alimzawadia mkewe nchi ile. Hatuna haja ya kuisadiki hadithi hiyo. Lakini jina lenyewe laonyesha jinsi wenyeji walivyoyatazama mapori yale, yaani kama shamba la mwingine.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa sheria ya kuwinda katika nchi hii. Kuwinda kukawa kwa cheti, na cheti kwa fedha, na sehemu za nchi zikatengwa, mojawapo karibu na Rufiji. Hofu yake ilikuwa ya kweli, kwani biashara ya pembe ilikuwa imekwisha kuwapunguza ndovu sana. Lakini hapo ndipo lilipozaliwa jambo gumu linalotusumbua hata leo: mwenye fedha akiua ndovu kwa ajili ya pembe za kutundika ukutani, huitwa mwindaji, maskini akiua pofu ili wanawe wapate kitoweo, huitwa jangili.

Wenye fedha walikuja kweli. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alishuka Mombasa. Katika safari ile yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, wakiwamo ndovu 11 na simba 17. Alisema ni kwa ajili ya elimu, na wengi walipelekwa kweli katika nyumba ya makumbusho huko Washington. Lakini 512!

Mapori ya Rufiji nayo yalipewa jina la mwindaji. Frederick Selous, Mwingereza aliyepata sifa kwa kuwinda ndovu, alipigwa risasi vitani na kufa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Mwaka 1922 pori likaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1940 serikali iliwahamisha watu wengi wa Liwale, ikitoa sababu ya ugonjwa wa malale, na mashamba yao yakawa makao ya wanyama.

Sasa tutazame upande wa pili, maana si haki kuuficha. Mapori yale yana miti minene na mbung'o wengi. Wageni wenye kupiga picha hawayapendi sana. Mwindaji huyavumilia, naye hulipa. Tangu 1994 nusu ya fedha za uwindaji iliachwa porini, ikalipa askari wa wanyama na kutengeneza barabara. Ndovu waliobaki karibu 30,000 mwaka 1989 wakaongezeka hata kufikia karibu 70,000 mwaka 2006. Baadaye mpango ule ulidhoofika, majangili wa pembe wakaingia, na hesabu ya 2013 ikaonyesha 13,000 tu. Ndovu wale hawakumalizwa na wenye vyeti.

Wala kupiga marufuku peke yake hakukutosha. Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977, na hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba wanyama wa porini huko wamepungua kwa asilimia 68 tangu mwaka ule.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba fedha ya bunduki ni haramu yote. Twauliza tu inaishia mkononi mwa nani. Yule ambaye mahindi yake huliwa na ndovu usiku, na babu yake alihamishwa Liwale, ndiye mwenye kustahili kulipwa kwanza. Naye mara nyingi hulipwa mwisho, au halipwi kabisa. Pasipo hilo, cheti ni ruhusa ya kuua iliyonunuliwa kwa aliyeshika ufunguo wa shamba, si kwa mwenye shamba.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori lile ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na katika hifadhi ya taifa hapawindwi. Kaburi la Selous liko humo, Beho Beho, nao ndovu hupita karibu yake.