Stensili

Walimu wa zamani wanaijua stensili kuwa karatasi ya nta ya kuchapia mitihani. Kwa wapamba nyumba ni kadibodi iliyokatwa herufi, inayobandikwa ukutani na kugongwagongwa rangi kwa sifongo. Neno limetoka Kiingereza na limeingia ngeli ya I-ZI: stensili hii, stensili hizi. Ugumu uko kwenye herufi zenye tundu: usipoacha vishikizo vyembamba, kitovu cha herufi kinadondoka. Hivyo mkazi wa Nchelenge, Zambia, anayekata MWAISENI, karibuni kwa Kibemba, ana tundu moja tu la kushikiza; ng'ambo ya Ziwa Mweru, kule Kilwa ya Kongo, anayekata KARIBUNI anayo manne.